Sura ya Shahidi

Walimwita Wino tangu utotoni kwa sababu vidole vyake havikuwahi kuwa safi. Shangazi yake, aliyemlea huku akiendesha karakana ya kushona sare za shule, alizoea kumwambia, "Wewe hata tukikuloweka kwenye sabuni usiku kucha, asubuhi utatoka na doa." Siku ya kwanza ya kesi, doa lilikuwa kwenye kidole gumba, na Wino alikuwa ameketi kwenye benchi la korido ya mahakama, ubao wa kuchorea mapajani.

Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya gazeti. Jaji alikuwa amepiga marufuku kamera na simu ndani ya chumba cha kesi, kwa hiyo gazeti lilitaka mtu wa kuchora kwa mkono, papo kwa papo, na kufikisha picha mezani kabla wino haujakauka vizuri. Mhariri wa picha, mama mmoja asiyepoteza maneno, alikuwa amemwambia kwa simu, "Sitaki urembo. Nataka nijue kilichotokea humo ndani bila kusoma hata mstari mmoja. Ukiweza, utarudi kesho. Ukishindwa, tutasalimiana barabarani."

Nafasi hiyo aliipata kwa Mkubwa. Huyu Mkubwa hakuwa mkubwa kwa umri, ila wachoraji wote chipukizi wa mji ule walimwita hivyo. Alikuwa na ofisi yake ya usanifu, yenye kompyuta za maana na mashine ya kuchapa, na ndiye aliyeanzisha kundi la kwenye simu ambamo wachoraji wasio na ajira walipeana habari: nani anatafuta mtu wa kuchora nembo, shindano gani ni la kweli na lipi ni la kukusanya michoro ya watu bure, wapi unapata mafunzo bila kiingilio, jinsi ya kumjibu mteja anayekuambia "wewe nifanyie hii tu, utajulikana." Wengi wao walikula kwa sababu yake. Wino mwenyewe alikuwa akichorea nyuma ya karatasi za kupimia nguo za shangazi, mpaka Mkubwa alipomwita ofisini akampa tableti ya kuchorea. "Si mpya," alimwambia, "lakini kalamu yake inasikia mkono. Kaa nayo mpaka upate yako." Wino alilia barabara nzima kurudi nyumbani. Toka siku hiyo, Mkubwa akikohoa, Wino alikuwa radhi kuugua yeye.

Asubuhi ile tableti ilibaki kwa mlinzi wa geti, maana vifaa vya umeme havikuruhusiwa kuvuka. Wino aliingia na karatasi, kalamu, chupa ya wino na brashi. Ili kuupasha mkono moto, akaanza kuchora waliokaa koridoni. Alimchora wakili aliyesinzia na mdomo wazi. Alimchora babu mmoja akimenya chungwa kwa siri. Halafu akamwona mwanamke aliyekuja kukaa benchi la mbele yake, akiwa amekumbatia mkoba kama mtu anayebembeleza mtoto. Alikuwa na uso ambao mchoraji hawezi kuupita: nyusi nene zilizokaribia kukutana, kovu dogo chini ya jicho, mdomo aliokuwa akiutafuna kwa hofu. Kiatu chake kimoja, sandali ya kahawia, kilikatika mkanda na kufungwa kwa uzi wa kijani. Wino alichora haraka, bila hata kufikiri, na sura ikamjia kwenye karatasi nzima nzima, kama iliyokuwa ikisubiri kuitwa.

Mara akatokea askari wa kike, jasho likimtoka. "Nani amekuleta huku?" alimnong'oneza yule mwanamke kwa ukali. "Huku si mahali pako! Inuka, mama, twende." Wakapotea kwenye mlango wa pembeni. Wino akaisukuma ile karatasi chini ya karatasi nyingine, na mlango wa chumba cha kesi ukafunguliwa.

Kesi yenyewe kila mtu aliijua. Ghala la tajiri mmoja liliteketea, na mlinzi wake akafia ndani. Mlango ulikutwa umefungwa kwa nje. Upande wa mashtaka ulisema ni tajiri mwenyewe aliyeamuru ghala lichomwe ili alipwe na bima, na kwamba yupo mtu aliyeona kwa macho yake nani alikomea ule mlango. Huyo mtu ndiye angesimama siku hiyo.

Jaji, mzee mwembamba mwenye sauti ya chini, aliwatazama wote kabla ya kusema. "Shahidi huyu atazungumza nyuma ya pazia. Jina lake halitatajwa. Yeyote atakayemwonyesha, atakayemwelezea, au," akamtazama Wino moja kwa moja, "atakayemchora, atalala ndani leo hii. Tumeelewana?"

Wino aliitikia kwa kichwa. Kwenye benchi la mbele, mjane wa mlinzi alikuwa amefumba macho.

Pazia lilikuwa la kitambaa kizito, limening'inizwa kwenye fremu ya chuma. Zikasikika hatua, kiti kikakokotwa, na sauti ya mwanamke ikaapa kusema kweli. Wino alikuwa amekaa kwenye kigoda cha chini, ubavuni, mahali pa wachoraji na waandishi. Akainama kuchovya brashi. Pazia lilikuwa fupi. Chini yake ilionekana miguu miwili, na kwenye sandali ya kahawia, uzi wa kijani.

Sura ya shahidi, nyusi, kovu na mdomo, vyote vilikuwa mapajani mwake, chini ya karatasi tatu tupu.

Alitaka kusimama, akaogopa. Angemwambia nani, na kwa maneno gani? Jaji hakusema atakayemchora kwa bahati mbaya atasamehewa. Akabaki amekaa kama aliyegandishwa kwa gundi, brashi ikidondosha matone kwenye sakafu, huku ile sauti nyuma ya pazia ikieleza polepole jinsi ilivyosikia mtu akigonga mlango kutoka ndani. Wakili wa mshtakiwa akapinga jambo, wakabishana, na jaji akaamuru mapumziko mafupi.

Uani, kabla Wino hajapata pumzi, akasikia akiitwa.

"Wino wangu!"

Alikuwa Mkubwa, shati jeupe, tabasamu pana, lakini macho hayakutulia. Nyuma yake, karibu na njia ya kwenda vyooni, wanaume wawili waliegemea ukuta wakijifanya kuzungumza.

"Shikamoo, Mkubwa. Sikujua ungekuja."

"Marahaba. Nilitaka kukuona ukianza. Si ndiyo kazi ya mlezi?" Akamshika bega, akamsogeza pembeni. "Sikiliza, nina habari njema. Kuna kampuni nawafanyia kazi zao zote: kalenda, vifungashio, mabango, magari. Kazi imenizidi. Nataka nikupe nusu. Utakaa ofisini kwangu, meza yako, kompyuta yako. Utaachana na kuchora katikati ya cherehani."

Siku nyingine Wino angeruka. "Kampuni gani, Mkubwa?"

Mkubwa aligeuka. Alitazama mlango wa mahakama, na Wino akafuata macho yake mpaka kwa mshtakiwa, aliyekuwa akinyweshwa maji na mawakili wake. Hapo akakumbuka. Kalenda ya ukutani ofisini kwa Mkubwa, yenye picha ya maghala yaliyopangwa safi. Alikuwa ameisifia kwa mdomo wake mwenyewe.

"Mdogo wangu," Mkubwa alisema, sasa kwa sauti ya chini, "nilifika mapema leo. Nilikuona koridoni ukichora. Kulikuwa na mama mmoja mbele yako, yule aliyekuja kuchukuliwa na askari. Nipe tu ile karatasi."

"Ya nini?"

"Ya kumbukumbu."

"Kumbukumbu ya nini, Mkubwa?"

"Wino." Tabasamu lilikuwa limeondoka. "Mimi nimewahi kukuuliza maswali? Nilipokupa tableti nilikuuliza utanilipa nini? Ni karatasi moja. Hukuijua ni ya nani, mimi sikuichora, na hakuna atakayejua ilipita wapi. Ukitoka hapa jioni, kesho una ofisi."

Wanaume wawili walikuwa wameacha kuzungumza. Mmoja alitazama ubao wa Wino bila kupepesa, kama fundi anavyotazama bomba linalovuja. Wino aliubana kifuani. Alifikiria kukimbilia chooni akaichane, lakini njia ya choo ilikuwa imezibwa na mabega yao. Alifikiria shangazi. Alifikiria pia, na hili lilimtia aibu baadaye, ile meza yenye kompyuta, na dirisha la ofisi lililotazama barabara.

Kengele ikalia.

"Wanaingia," alisema. "Nikichelewa wananifungia nje."

"Tutaingia wote," Mkubwa akajibu, akamfuata hatua kwa hatua.

Mlangoni alisimama yule askari wa kike. Wino alipofika mbele yake, mdomo ulifunguka wenyewe. "Afande," alinong'ona, "pazia ni fupi. Ukikaa chini, viatu vinaonekana."

Askari alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wewe ulikuwa koridoni."

"Ndiyo."

Askari akaangalia ubao, akaangalia uso wa Wino, akaangalia na mwanaume aliyekuwa nyuma yake akijipangusa shingo kwa leso. Aliingia ndani kwa haraka, akavua koti lake la sare, akalitandaza juu ya benchi fupi na kuliburuta benchi lile mbele ya pazia, mpaka chini pakazibika. Kisha akabaki amesimama hapohapo, mikono nyuma.

Lakini karatasi ilikuwa bado ipo. Mkubwa aliketi benchi la nyuma ya Wino, karibu kiasi kwamba Wino alisikia anavyopumua. Waandishi wakajipanga. Shahidi akaendelea kusema, na sasa sauti yake ilikuwa ikitetemeka, akieleza mtu aliyetoka gizani na kuondoka bila kukimbia.

Wino akachomoa ile karatasi kutoka chini ya nyingine, akaiweka juu. Sura ilimtazama. Ilikuwa, bila uongo, mchoro bora kuliko yote aliyowahi kuchora. Mistari michache tu, na mtu mzima amekaa mbele yako na hofu yake. Mchoro wa namna hiyo ndio mchoraji huuweka ukurasa wa kwanza wa kazi zake, ampelekee mteja na kusema, "Hiki ndicho ninachoweza."

"Wino," Mkubwa alinong'ona nyuma yake. "Acha. Usifanye hivyo."

Alifungua chupa, akaimimina.

Wino mweusi ulitanda kwenye nyusi, ukafunika jicho, ukateremka kwenye kovu, ukafika mdomoni. Aliusambaza kwa brashi pana, huku na huko, mpaka karatasi yote ikawa kama mlango wa tanuri. Wino ukavuka ukingo wa ubao, ukamwagikia mapajani na kupanda kwenye mkono wa blauzi nyeupe ambayo shangazi alimshonea kwa ajili ya siku hiyo. Karani alinyanyua kichwa, akakunja uso kwa kuchukizwa na uchafu, akarudi kwenye kazi yake. Nyuma, Mkubwa aliachia pumzi ndefu, na Wino hakujua kama ilikuwa ya hasira au ya kitu kingine.

Ilibaki kazi aliyoitiwa. Alitazama karatasi tupu, akatazama pazia. Kila mchoraji mle ndani alikuwa akichora pazia, kwani palikuwa na nini kingine? Yeye aliliogopa. Alihisi kwamba akiligusa tu, mkono wake ungemtoa yule mama nje. Akaligeuzia mgongo, akawachora waliokuwa wakisikiliza: mjane aliyefumba macho, kidole kikihesabu kitu kwenye goti, mshtakiwa aliyefuta miwani ambayo haikuwa na vumbi, karani aliyesahau kuandika, kalamu hewani, jaji aliyeinama kidogo, kama mtu anayesikia mlango ukigongwa mbali.

Kikao kilipofungwa, walimngoja getini.

Mkubwa alichukua ubao bila kuomba, akapekua karatasi moja baada ya nyingine mpaka akafika kwenye ile nyeusi. Aliinyanyua juani. Hakuna kilichoonekana.

"Wino umemwagika," alisema Wino.

"Umemwagika au umeumwaga?"

Mmoja wa wale wanaume akasogea. "Si anaikumbuka? Achore nyingine."

Kwa kweli aliikumbuka. Kichwa chake kilikuwa hivyo. Uso ukishaingia hautoki. Kwa sekunde chache wazo lilimjia: achore uso wowote, wa kubuni, awape, waondoke. Akaanza kuupanga kichwani, pua hivi, kidevu hivi. Kisha akaona kwamba hakuna uso wa kubuni duniani. Popote watakapoupeleka, yupo mwanamke anayefanana nao, anayetoka sokoni na mzigo wake, asiyejua lolote.

"Sikumbuki," alisema.

"Wewe husahau uso?" Mkubwa alimwuliza. "Wewe?"

"Leo nimesahau, Mkubwa."

Walitazamana. Watu walikuwa wakipita, wakibishana juu ya kesi, na yule askari wa kike alikuwa ametoka hadi kwenye ngazi, hana koti, akiwatazama. Mkubwa alimrudishia Wino ubao.

"Basi nirudishie tableti yangu."

Wino alikwenda kwa mlinzi, akaichukua, akaifuta kioo kwa upande safi wa blauzi yake na kumkabidhi kwa mikono miwili. Ndani yake mlikuwa na kila alichochora kwa mwaka mzima. Mkubwa aliipokea, akawatupia wale wanaume jicho.

"Kweli fadhila za punda ni mateke," alisema kwa sauti, ili wale wasikie. Halafu akawageukia. "Hana kitu huyu. Ni mtoto wa kushonewa nguo na shangazi yake, mtu anamwagia wino kazi yake mwenyewe. Twendeni, tunapoteza muda."

Wakaenda naye, mmoja kila upande.

Ofisini kwa gazeti, mhariri aliuweka mchoro mezani, akauangalia kwa muda mrefu. "Pazia liko wapi?"

"Sikulichora, mama."

"Kesho kila gazeti litakuwa na pazia." Akaugeuza mchoro kidogo, akagusa uso wa mjane kwa ncha ya kucha. "Huu tunaweka ukurasa wa mbele. Sasa niambie hiyo blauzi imekuwaje, na usinidanganye, nimezaa watoto watano."

Wino alimweleza. Ilimchukua muda kufika kwenye jina la Mkubwa. Alijua akilitaja atakuwa amemtoa kafara mtu aliyemtoa yeye kimaisha. Mwishowe akalitaja. Mhariri aliusogeza mchoro pembeni. Alinyanyua simu, akampigia mwendesha mashtaka mbele yake.

Nyumbani, shangazi aliiona blauzi kabla ya kumwona aliyeivaa. "Mungu wangu! Siku moja tu?" Kisha akamtazama usoni, akaacha kuuliza. Alimvua ile blauzi kama alivyomvua nguo alipokuwa mdogo, akaitupa kwenye beseni. "Haitatoka," alisema. "Lakini nitaitia rangi nyeusi yote. Utavaa tu."

Yaliyofuata hayakuwa rahisi. Shahidi alihamishwa siku ileile, na ushahidi wake uliobaki ukachukuliwa mahali pengine, bila watu. Mkubwa aliitwa kuhojiwa. Ndani ya kundi la simu maneno yalichafuka: wengine walimwita Wino msaliti, wengine walisema anajitafutia jina kwa mgongo wa aliyemfadhili, na mmoja, aliyekuwa akisubiri kazi ya vifungashio, alimwandikia, "Umekata tawi tulilokalia wote." Jioni moja alipofungua simu, hakuliona tena kundi, alikuwa ameondolewa. Pamoja nalo ziliondoka habari za kazi, mashindano na mafunzo, yote yaliyokuwa yakimfikia kiganjani. Alianza kwenda maktaba ya mji kutumia kompyuta ya umma, akingoja zamu pamoja na wanafunzi, na usiku haukupita bila kujiuliza kama angeweza kufanya vingine.

Mhariri alimrudisha kesho yake, na kesho iliyofuata, mpaka kesi ikaisha. Mshtakiwa alitiwa hatiani. Siku ya hukumu Wino alichora mkono wa mjane ukitafuta mkono wa mtu aliyekaa kando yake, asiyemjua. Baada ya hapo zikaja kazi nyingine: jalada la kitabu cha watoto, michoro ya kampeni ya afya. Si nyingi. Za kutosha kumfanya shangazi asogeze cherehani mbovu na kumpa kona yote.

Alikutana na Mkubwa miezi kadhaa baadaye, katika duka la vifaa vya kuandikia. Alikuwa amekonda. Ofisi ilikuwa imefungwa. Mteja wake mkubwa alikuwa gerezani, na wateja wengine hawakutaka kuonekana naye.

"Shikamoo," Wino alisema, kwa sababu hakujua la kusema.

"Marahaba." Mkubwa alishika rimu ya karatasi, akaiachia. "Wale jamaa walinijia asubuhi ile kabla sijatoka nyumbani. Walijua ni mimi niliyekupatia kazi ile, wakataka sura ya shahidi kutoka mkononi mwako. Walinitajia shule ya binti yangu. Walinitajia mpaka rangi ya begi lake."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenipa ile karatasi?"

Mwenye duka alikuwa akipiga hesabu zake, feni ikizunguka juu yao. Wino alijaribu kuliangalia swali lile kila upande, kama anavyouangalia uso kabla ya kuuchora, na kila upande aliona mtu. Mtoto mwenye begi. Mama mwenye kovu chini ya jicho.

"Sijui, Mkubwa," alisema mwishowe.

"Hata mimi sijui." Mkubwa alitikisa kichwa. "Binti hajambo. Tumemhamisha shule." Akatoka mkono mtupu, akasimama kidogo juani kana kwamba amesahau njia, kisha akavuka barabara.

Wino alinunua karatasi na chupa mpya. Mhariri alikuwa akimsubiri kabla ya saa nane, kwa maana kesi nyingine ilikuwa inaanza.